Kabla Hujaiuza Bunduki Yako ya Upepo kwa Sababu Haipigi Sawa

Maneno tunayoyasikia mara nyingi kuliko yote katika karakana yetu ndogo hapa Birmingham ni haya: "Fundi, ilipokuwa mpya ilipiga palepale nilipolenga, siku hizi inatawanya risasi kama mtu anayewamwagia kuku mtama." Mwenye kusema hivyo huwa amekwisha kuamua kwamba mtutu umechakaa, na pengine ameshapata mnunuzi. Sisi humwomba aiache bunduki kwetu siku mbili pamoja na kila kitu anachokitumia nayo, kwa kuwa miaka ya kazi hii imetufundisha kwamba mtutu ni kitu cha mwisho kushukiwa. Ugonjwa huwa umekaa katika vitu vilivyonunuliwa baadaye: darubini, vishikizi vyake, risasi, mafuta na mtungi wa hewa.

Tuanze na bunduki ya springi, kwa kuwa ndiyo wengi wenu mliyoanza nayo. Unapokunja mtutu au kuvuta mkono ulio chini yake, pistoni inarudishwa nyuma na kuibana springi. Ukivuta kifyatuo, springi inaisukuma pistoni mbele kwa kasi, hewa inabanwa, na hewa hiyo ndiyo inayoitoa risasi. Mambo hayaishii hapo. Pistoni inapoanza kwenda mbele, bunduki nzima inasukumwa nyuma; pistoni inapofika mwisho wa silinda na kukutana na hewa iliyobanwa, bunduki inavutwa mbele kwa ghafla. Teke hili la pande mbili hutokea ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na sehemu yake kubwa hutokea risasi ikiwa bado haijatoka mdomoni mwa mtutu. Ndiyo maana bunduki ya namna hii haipendi kubanwa kwa nguvu begani wala kuegemezwa juu ya kitu kigumu. Iache ilale juu ya kiganja kilicho wazi, uishike vilevile kila mara, na uiruhusu iende zake.

Teke hilohilo ndilo linaloua darubini. Darubini nyingi zilizotengenezwa kwa bunduki za baruti zimejengwa kustahimili teke la kurudi nyuma peke yake, na zikikutana na mvuto wa ghafla wa kwenda mbele, lenzi au msalaba wa ndani wa kulengea hulegea bila dalili yoyote ya nje. Mteja wetu mmoja, dereva wa lori na mzaliwa wa Tanga, alituletea Weihrauch HW80, bunduki nzito na yenye nguvu inayosifiwa na wamiliki wake kwa kudumu miaka mingi. Alikuwa amekwisha kubadilisha risasi za aina nne na alikuwa anauliza bei ya mtutu mpya. Darubini yake, aliyoinunua ikiwa imetumika, ilikuwa imeshikwa na vishikizi viwili vidogo ambavyo vilikuwa vimeteleza juu ya reli kiasi cha kuacha mikwaruzo inayoonekana kwa macho. Yeye alikuwa amejibu kwa kukaza skrubu zaidi na zaidi, mpaka bomba la darubini likabonyea. Tulimfungia kishikizi kimoja kirefu chenye pini inayoingia katika tundu lililotobolewa juu ya bunduki kwa kazi hiyohiyo, tukaweka darubini iliyokusudiwa kwa springi, na mtutu aliotaka kuutupa ukaweka risasi tano ndani ya duara la sarafu ya peni 1 kwa umbali wa mita 25. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia mapema.

Jambo jingine kuhusu darubini halina uhusiano na kuvunjika. Darubini ya kuwindia kwa bunduki ya baruti mara nyingi hurekebishwa kiwandani kwa umbali wa yadi 100, ilhali mwenye bunduki ya upepo anapiga yadi 10 hadi 40. Katika umbali huo mfupi, ukisogeza jicho kidogo pembeni utauona msalaba ukihama juu ya shabaha ingawa bunduki haijasogea, na kwa hiyo kila ukiliweka shavu mahali tofauti risasi nayo huenda mahali tofauti. Nunua darubini yenye duara la kurekebisha umbali linaloshuka hadi yadi 10. Ukubwa wa kukuza, ambao ndio unaotangazwa kwa herufi kubwa juu ya sanduku, ni jambo dogo kuliko hilo.

Kuhusu risasi zenyewe, ushauri wetu hugharimu pesa kidogo kuliko ushauri mwingine wowote tunaoutoa. Kila mtutu una chaguo lake. Hata katika kipenyo cha .177, yaani milimita 4.5, kuna makopo yaliyoandikwa 4.50, 4.51, 4.52 na 4.53, na tumeona bunduki mbili za muundo mmoja kutoka kiwanda kimoja zikipendelea makopo tofauti. Kwa sababu hiyo tunauza vifurushi vidogo vya majaribio, ili mtu asinunue kopo la risasi 500 ambalo bunduki yake italikataa. Kopo likianguka sakafuni, lichunguze: sketi nyembamba iliyo nyuma ya risasi ikipinda, risasi hiyo haitakwenda ilikotumwa. Na kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, nawa mikono kabla ya kula, na usizishike kwa midomo kama tulivyozoea kushika misumari.

Sasa mafuta. Wengi wetu tumelelewa na kanuni ya mafundi wa nyumbani kwamba chombo kikilia, kipake mafuta. Katika cherehani kanuni hiyo ni nzuri. Katika silinda ya bunduki ya springi ni hatari, kwa sababu hewa inayobanwa ghafla hupata joto kali linaloweza kuyawasha mafuta, kama ilivyo katika injini ya dizeli. Utaona moshi, utasikia mlio mkubwa kuliko kawaida, na ukipima mwendo wa risasi utakuta umepanda. Wapo wateja wanaofurahi kuona hivyo, nasi hulazimika kuwaharibia furaha. Mlipuko huo huunguza sili ya pistoni na kuvunja springi, na unaweza kuivusha bunduki kiwango kinachoruhusiwa na sheria. Dawa za kupuliza zilizokusudiwa kulegeza kutu zisiingie kabisa ndani ya tundu la hewa. Futa chuma kwa nje kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, weka tone moja kwenye bawaba, halafu chupa irudi kabatini.

Wanaohama kutoka springi kwenda bunduki za hewa iliyojazwa, kama Air Arms S510 au Weihrauch HW100, wote huanza kwa kusifu jambo moja: hakuna teke. Risasi inatoka, msalaba unabaki palepale, na hata anayejifunza huanza kuona matundu yakikaribiana. Sifa hiyo ni ya haki. Baada ya miezi michache huanza kuzungumzia hewa, kwa kuwa bunduki hizi ni kama mtoto mchanga anayedai kulishwa. Bunduki hujazwa kwa kawaida karibu bar 200, wakati tairi la gari dogo lina bar 2 na kidogo. Pampu ya mkono inaifikisha huko, lakini kwa jasho, na ikiharakishwa huingiza unyevu unaoleta kutu ndani. Mtungi wa kupigia mbizi wa lita 12 wenye bar 232 au 300 hurahisisha mambo, ila ni gharama nyingine na unatakiwa kupelekwa kupimwa kwa vipindi vilivyowekwa. Aliyewekewa tarehe ya kupima asingoje afukuzwe na mjazaji wa hewa. Jaza polepole, mshale wa geji ukipanda bila kuruka. Tumia hewa safi kavu tu, kamwe si oksijeni, na ringi za mpira zipakwe grisi ya silikoni, maana grisi ya kawaida ndani ya hewa yenye mgandamizo mkubwa inaweza kuwaka.

Malalamiko ya "inapoteza nguvu" katika bunduki hizi hutokana mara nyingi na ringi moja ya mpira yenye bei ya senti chache, au na mmiliki kujaza kupita kiasi. Katika bunduki isiyo na kidhibiti cha mgandamizo, hewa ikizidi huizuia vali kufunguka vizuri, na risasi za kwanza hutoka taratibu kuliko zinazofuata. Mtu anadhani amejaza kidogo, anaongeza, na tatizo linakua. Kiwambo cha sauti, kinachofungwa mdomoni mwa mtutu kupunguza kelele, ni kifaa kingine ambacho sifa zake hutegemea bunduki. Kwenye bunduki ya hewa iliyojazwa kinafanya kazi ya ajabu. Kwenye springi kelele kubwa ni ya pistoni na springi yenyewe, kwa hiyo utakuwa umenunua hasa kitu cha kushikia wakati wa kukunja mtutu.

Hakuna bunduki inayotoka karakana yetu bila kupita mbele ya kipima mwendo. Hapa Uingereza, bunduki ndefu ya upepo isiyohitaji cheti haivuki futi-pauni 12 (kipimo cha nguvu ya risasi inapotoka mtutuni), yaani takriban jouli 16, na bastola futi-pauni 6. Risasi ya .177 yenye uzito wa greni 8.44 ikienda futi 780 kwa sekunde ina futi-pauni 11.4, na hapo ndipo tunapopenda kuiacha. Usituombe tuongeze nguvu; bunduki ikivuka kiwango bila cheti cha polisi, aliyeishika amevunja sheria hata kama hakujua. Anayehamia Scotland afahamu kwamba huko leseni inahitajika tangu tarehe 31 Desemba 2016 hata kwa bunduki zilizo chini ya kiwango hicho, na Ireland ya Kaskazini sheria ni kali zaidi. Hatumuuzii aliye chini ya miaka 18, na mwenye watoto nyumbani anawajibika kuhakikisha hawaifikii. Wapo pia wanaotaka kumtumia mjomba zawadi ndani ya kontena linalokwenda Mombasa au Dar es Salaam. Tafadhali, isiingie kontenani kabla mjomba hajaonyesha kibali cha maandishi kutoka mamlaka ya silaha ya huko.

Swali la sungura au njiwa aliyepigwa kwa bunduki hii, kama ni halali kuliwa, huletwa kwetu kila mara na wateja kutoka pwani. Hilo ni la sheikh wako, si la fundi.

Unapoleta bunduki, iache darubini ikiwa imefungwa kama ilivyo, hata kama unajua imekaa vibaya, kwa kuwa tukiikuta imefunguliwa tumepoteza ushahidi wetu wa kwanza. Leta kopo la risasi ulilokuwa unalitumia, na karatasi ya shabaha yenye matundu uliyoyapiga, hata yakikuaibisha. Hakikisha haina risasi ndani na haijakokiwa, na ije ndani ya mfuko uliofungwa. Tutaipima mwendo mara kumi mbele yako, tutakuonyesha namba, kisha tutaanza kukagua kutoka skrubu za darubini kurudi nyuma. Mtutu tutaugusa mwisho.