Barua ya Wazi kwa Mameneja Vijana wa Mashamba ya Maua: Kujifungua Si Kuacha Kazi

Wanangu mnaosimamia mashamba ya maua na viwanda kuanzia Naivasha hadi Nakuru mjini,

Salamu zangu ziwafikie mkiwa wazima. Ninawaandikia kwa uchungu, wala sitauficha. Hivi majuzi binti wa jirani yangu hapa Bahati, aliyekuwa akipanga maua kwa gredi katika shamba moja huko Naivasha, alitoka likizo ya uzazi akaambiwa langoni kwamba mkataba wake umekwisha na hautaandikwa upya. Amekuwa hapo kwa mikataba ya miezi michache michache iliyofuatana bila pengo, na kila msimu wa Valentine alikuwa miongoni mwa wale wanaobaki mpaka usiku ili maboksi yafike uwanja wa ndege kwa wakati. Aliyempa habari hiyo ni kijana wa rika lake, tena mwenye adabu, aliyemweleza kwamba shamba sasa linatafuta watu wasio na mambo mengi. Mambo mengi yenyewe ni mtoto mchanga.

Nimekuwa mvunaji wa maua, kisha mwakilishi wa wafanyakazi mpaka nilipostaafu, kwa hiyo ninajua kwamba sheria mnaifahamu. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa mama likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na haki ya kurudi kwenye kazi yake ileile au nyingine inayomfaa kwa masharti yasiyo duni kuliko ya awali. Kifungu cha 46 kinasema wazi kwamba mimba si sababu ya haki ya kumfuta mtu kazi. Kwa kuwa mnayafahamu hayo, mmejifunza kutumia mkataba mfupi: hamumfukuzi mama, mnaiacha tarehe imfukuze. Halafu kwenye mikutano mnalalamika kwamba wanawake hawadumu kazini.

Hebu niwaeleze kwa nini hawadumu, maana hili ndilo limenikaa moyoni miaka mingi. Mama anayeishi Karagita, mtaa wa wafanyakazi wa maua huko Naivasha, huamka kukiwa bado giza, akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, akabisha mlango wa chumba cha mabati ambamo mwanamke mmoja analea watoto wa plot nzima juu ya mkeka, akaacha chupa ya uji na malipo ya siku hiyo, kisha akakimbilia basi la shamba. Mtoto akipandwa na homa mchana, mlezi hupiga simu, lakini simu ya mama imefungiwa kwenye kabati nje ya chumba cha kufungia maua. Siku ambayo mlezi mwenyewe anaugua, mama ana njia mbili tu, akose kazi aandikiwe onyo, au amzuie binti yake mkubwa asiende shule ili abaki na mdogo wake. Nimewaona wasichana wa darasa la tano na la sita wakibeba watoto mgongoni saa za masomo, na hao ndio tunaotarajia kesho waje na vyeti kuomba kazi kwenu! Mwanamke mmoja anapoondoka kwa namna hiyo, mnakuwa mmemwondoa na wa pili kabla hajaanza.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, nayo likizo yetu ni miezi mitatu. Ile mitatu iliyobaki inaangukia mikononi mwenu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawa, jokofu, meza na viti, na inakataza kisiwe ndani ya choo. Pia inampa mama muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa, na muda huo unahesabiwa kuwa saa za kazi. Lakini mimi nimewashuhudia wanawake, aproni zimelowa kifuani, wakikamua maziwa chooni na kuyamwaga kwenye sinki, huku msimamizi akiita majina yao kwa hasira mlangoni. Nakuombeni, wanangu, ingieni katika majengo yenu wenyewe mkatazame. Mashamba yanayojua kujenga chumba baridi ili ua lisinyauke hayawezi kuniambia kwamba jokofu la maziwa ya mtoto limewashinda.

Mengine nitayataja tu, kwa kuwa hayahitaji maelezo. Mwanamke na mwanamume wanaofanya kazi ya thamani sawa walipwe sawa. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa na kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira awe na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono, na sera hiyo ibandikwe kwa lugha wanayoisoma wafanyakazi. Wapandisheni wanawake wawe wasimamizi. Komesheni swali la kama mtu ameolewa kwenye mahojiano ya kazi. Kisumu ilikuwa na meya mwanamke, Grace Onyango, mwaka 1965, akawa mbunge mwaka 1969, na bado leo binti mwenye diploma anaulizwa mume wake atasema nini.

Hofu yenu ya gharama ninaielewa, na hapa lawama inavuka lango la shamba. Nchini Kenya mshahara wote wa likizo ya uzazi hutoka mfukoni mwa mwajiri peke yake, ndiyo maana mwajiri mwoga humkwepa msichana tangu siku ya kwanza. Rwanda ilitunga sheria mwaka 2016 ya mfuko ambao mwajiri na mfanyakazi, wanaume kwa wanawake, kila mmoja huuchangia asilimia 0.3 ya mshahara, nao ukalipa sehemu ya likizo hiyo. Sisi tunashindwa na nini? Na nyumbani nako, baba anayerudi mapema kuliko mkewe akaketi kusubiri chakula huku mtoto analia, naye anamtoa mkewe kazini kidogo kidogo.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka vituo vya kulelea watoto mikononi mwa serikali za kaunti, sambamba na elimu ya chekechea. Kwa hiyo kaunti ya Nakuru ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, nitakuwa ukumbini kuomba vituo Karagita, Kihoto na Free Area, vinavyofunguliwa kabla ya basi la alfajiri kupita. Njooni nanyi na mseme mko tayari kuchangia kiwanja, maji au mshahara wa mlezi, kwa sababu mwakilishi wa wadi atamsikia meneja haraka kuliko mstaafu kama mimi. Lakini yule binti wa Bahati asingoje bajeti. Mwiteni wiki hii arudi mezani pake.

Ni mimi mama yenu,
mwakilishi mstaafu wa wafanyakazi, Bahati, Nakuru.