Bei za Nyumba Zikianguka, Hamtaumia Sawa: Barua kwa Vijana Mnaonunua kwa Mkopo

Wanangu,

Nawasikia mkisema kwamba bei za nyumba zikishuka, mtashuka wote. Si kweli, na ni heri mlijue hilo kabla ya kutia saini.

Chukueni nyumba mbili, kila moja ina thamani ya 100. Mmoja wenu katoa 10 mfukoni, benki ikamkopesha 90. Jirani yake katoa 80, kakopa 20. Bei ikishuka kwa asilimia 20, nyumba zote mbili ni 80. Jirani akiuza na kulipa deni anabaki na 60. Kapoteza robo ya alichoweka. Wa kwanza akiuza habaki na senti, na bado anadaiwa 10. Hasara hula kwanza fedha ya mnunuzi. Ya benki huguswa mwisho. (Dalali hatawapigia hesabu hii. Simlaumu sana, naye anaishi kwa kamisheni.)

Marekani haya yalionekana waziwazi. Bei zilifika kileleni 2006, zikaporomoka kwa zaidi ya robo hadi 2012. Kati ya 2005 na 2009, mali ya kaya ya kawaida ya Wazungu ilipungua kwa asilimia 16. Ya Weusi kwa 53, ya Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) kwa 66. Wengi wa hao walioumia zaidi, nyumba ndiyo ilikuwa sehemu kubwa ya akiba yao. Wenye hisa na amana kando walikuwa na pa kuegemea.

Tena bei kushuka peke yake hakumtoi mtu nyumbani. Anayemudu marejesho hukaa akangoja. Balaa ni kulazimika kuuza wakati mbaya, na wakati huo ndio kazi nazo hupungua. Hapo mwenye fedha taslimu hununua mnadani kwa bei ya chini. Hata mpangaji anayelipa kodi kila mwezi aweza kutolewa, kisa mwenye nyumba kashindwa na benki.

Sisemi msinunue. Ongezeni malipo ya awali, hata kama nyumba itakuwa ndogo, na wekeni kando marejesho ya miezi sita msiyoyagusa. Mshahara ukianza kuyumba, nendeni benki kabla hamjakosa rejesho la kwanza. Kuomba muda wa mkopo uongezwe ni rahisi ukiwa bado unalipa kuliko ukiwa umeshika notisi ya mnada.

Mzee wenu