Watano wa mbele

Ann Arbor, Michigan
9 Januari 2022

Mgosi wangu,

Salamu zako zimenifikia, na za shemeji, na za wote pale nyumbani. Mimi huku sijambo, baridi tu ndiyo imetushika koo. Leo nimekaa na chai ya tangawizi na sina zamu mpaka kesho, kwa hiyo nina nafasi ya kukujibu vizuri.

Ulisema vijana unaowafundisha pale Ngamiani wote wanaitaka namba kumi. Ukimrudisha mtu beki ananuna. Na yule mrefu wako, namba tano, amekuuliza waziwazi: kazi yote hii ya kuzuia, nani ananiona? Ukakosa la kumwambia. Nimelibeba swali lako tangu siku ile, kwa sababu jibu lake nililiona kwa macho yangu tarehe 27 Novemba, nimesimama kwenye theluji. Nilikawia kuandika nikingoja msimu uishe. Umeisha wiki iliyopita.

Najua futiboli ya Kimarekani huipendi, uliwahi kuiita mieleka yenye mpira. Nivumilie kidogo. Timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Kuufikisha mwisho wa uwanja ni pointi 6, na teke la nyongeza linaleta 1. Sasa, mbele kabisa ya timu inayoshambulia wanajipanga majitu watano, kila mmoja na kilo zake 130 na zaidi. Ukimtoa wa katikati anayeurudisha mpira nyuma ili mchezo uanze, hao wengine wanne mtu anaweza kumaliza msimu mzima hajaugusa. Kazi yao ni kusukuma. Wanafungua njia, mwingine anapita, na jina linalotangazwa ni la aliyepita. Hao ndio nataka umweleze yule kijana.

Chuo Kikuu cha Michigan kipo hapa hapa mjini. Uwanja wao ulifunguliwa mwaka 1927 na una nafasi 107,601. Piga picha Mkwakwani, halafu ongeza, ongeza tena, bado hujafika. Watani wao wa jadi ni Ohio State, wa mji wa Columbus, kama kilomita 300 kusini. Walianza kukutana mwaka 1897. Majimbo yenyewe yaligombana hata kabla ya hapo, maana mwaka 1835 yaliandaa wanamgambo kugombea kipande cha ardhi chenye mji wa Toledo. Kule Columbus, wiki ya mechi, wanafunzi wanazunguka chuoni wakibandika alama ya X nyekundu juu ya kila herufi M wanayoikuta kwenye mabango. Sisi tuliokulia kwenye utani wa Coastal na African Sports pale Tanga hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Ila utani unanoga pale pande zote mbili zinaposhinda. Tangu 2012 mpaka 2019 Michigan walifungwa na hawa jamaa mara nane mfululizo. Mwaka 2016 walipoteza 30-27 katika muda wa nyongeza wa pili, kwa mpira uliopimwa kwa unywele, na mpaka leo ukitaja kipimo kile watu hapa wanageuza uso. Mwaka 2018 walichapwa 62-39, mwaka 2019 wakachapwa 56-27. Mwaka 2020 mechi haikuchezwa kabisa kwa sababu ya korona, na Michigan walimaliza na ushindi wa mechi mbili tu kati ya sita. Kocha wao, Jim Harbaugh, alikatwa mshahara karibu nusu. Huyu bwana mwenyewe alichezea chuo hiki. Mwaka 1986 aliahidi hadharani kwamba watawafunga Ohio State kwao Columbus, wakashinda 26-24. Lakini kama kocha alikuwa amekutana nao mara tano, kafungwa zote tano.

Kabla ya msimu wa 2021 walibadilisha mambo mengi, lakini lililonigusa ni dogo. Waliweka zoezi maalumu la kuwafunga Ohio, na halikuwa la pasi ndefu wala mbwembwe. Lilikuwa zoezi la kusukumana: watu wa mbele dhidi ya watu wa mbele, mpira unakimbizwa katikati, kila mtu anajua unapopita, haya, wazuieni. Walilifanya mazoezini miezi kadhaa kabla ya Novemba. Wakaanza kushinda, moja baada ya nyingine, mpaka tarehe 30 Oktoba walipofungwa 37-33 na Michigan State, majirani wengine, baada ya kuongoza 30-14. Siku ile nilijua msimu umekwisha, na kila mtu kazini alijua hivyo. Wao walirudi kwenye zoezi.

Tiketi nilipewa na mzee mmoja tunayepika naye, mwanawe alikwama akashindwa kuja. Mzee anaujua uwanja ule tangu utoto. Tulikuwa watu 111,156 siku ile, zaidi ya nafasi zenyewe, tumebanana kwenye mabenchi bega kwa bega, theluji inaanguka kwenye kofia na haiyeyuki. Ohio State walikuwa namba mbili nchini, Michigan namba tano, na wataalamu karibu wote waliwaona wenyeji ni vibonde. Mpaka mapumziko ilikuwa 14-13, wenyeji mbele. Mzee hakunena neno. Ameshaona mapumziko mengi mazuri.

Mgosi, kipindi cha pili ndicho ninachotaka ukione. Michigan waliposhika mpira, mkimbiaji wao Blake Corum akapewa, nikaona pale mbele pamefunguka kama mtu kavuta pazia, akachanja yadi 55. Dakika haijapita mkimbiaji mwenzake, Hassan Haskins, kaingia mwisho wa uwanja. Baada ya hapo kila waliposhika mpira walifunga, na kila mara ni Haskins, na kila mara ni kwa njia ile ile, katikati, hakuna kificho. Mara moja aliruka juu ya beki mzima mzima akatua na kuendelea na safari. Alibeba mpira mara 28, yadi 169, akafunga mara tano. Mwisho ukawa 42-27.

Lakini nilipokuwa sina la kufanya kati ya mchezo na mchezo niliacha kumtazama Haskins. Nilitazama miguu ya wale watano. Mpira ukianza wote wanashuka chini kwa pamoja, magoti yamekunjwa, halafu wanapiga hatua fupi fupi bila kusimama, na wale wa Ohio wanarudi nyuma: hatua moja, mbili, tatu, kama kabati linalosukumwa sakafuni. Kila wanapoamka mvuke unatoka migongoni mwao. Hawasherehekei. Wanamwinua aliyeanguka, wanarudi kupanga mstari. Ryan Hayes, Trevor Keegan, Andrew Vastardis, Zak Zinter, Andrew Stueber. Mwandikie kijana majina haya. Mwezi wa Desemba walipewa Tuzo ya Joe Moore, ambayo haendi nayo mtu mmoja, wanapewa wote kama safu, kwamba hawa ndio safu bora ya mbele nchini. Kwa hiyo wapo wanaoona, mgosi. Wanahesabu kabisa.

Upande wa kuzuia nao usiuache. Aidan Hutchinson, ambaye baba yake aliichezea Michigan pia, alimwangusha mpigapasi wa Ohio, yule anayeongoza mashambulizi, kabla hajaurusha mpira, mara tatu siku ile, akavunja rekodi ya chuo ya kuangusha hivyo kwa msimu mmoja. Baadaye alikuwa wa pili katika Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo nchini, ambayo karibu kila mwaka huenda kwa washambuliaji. Na ubavu wa pili alikuwepo David Ojabo, mzaliwa wa Port Harcourt, Nigeria, kakulia Aberdeen, Uskoti, akicheza soka na kikapu. Futiboli kaanza shule ya sekondari huku Marekani. Msimu huu kawaangusha wapigapasi mara 11. Mtu aliyejifunza mchezo ukubwani! Kila alipotajwa kwenye kipaza sauti nilipiga kelele kama ni mtoto wa Chumbageni.

Filimbi ya mwisho, watu wakamwagika uwanjani, uwanja wote ukawa bluu na njano, huoni nyasi. Mzee hakushuka, magoti hayamruhusu. Alikaa, akavua glavu, akanishika mkono na kukaa hivyo muda mrefu bila kusema kitu. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama samaki wa barafuni. Nami sikuwa na neno.

Wiki iliyofuata waliwapiga Iowa 42-3 wakatwaa ubingwa wa Big Ten, ligi ya vyuo wanayochezea, wa kwanza tangu 2004. Siku chache kabla ya mechi hiyo kulitokea mauaji ya risasi katika shule moja ya sekondari ya jimbo hili, mji wa Oxford, na wachezaji walivaa nembo ya kumkumbuka Tate Myre, mwanafunzi mchezaji aliyeuawa, jezi yake ilikuwa namba 42. Wakafunga pointi 42. Sikuweza kumaliza chakula usiku ule.

Jambo jingine la kocha nakuambia kwa sababu limenigusa mimi binafsi. Bonasi alizopata kwa ushindi huu alisema anawaachia wafanyakazi wa idara ya michezo waliokatwa mishahara wakati wa korona. Mahali ninapofanya kazi tulipunguziwa saa mwaka ule, na hakuna aliyekuja kuturudishia hata senti. Kwa hiyo habari ile niliisoma kwa sauti jikoni.

Tarehe 31 Desemba Georgia wakawafunga 34-11 katika nusu fainali ya ubingwa wa vyuo nchini. Safari hii waliosukumwa ni wao, tena walisukumwa kweli. Wamemaliza wakiwa na ushindi mara 12, kupoteza 2. Jumatatu mzee alikuja kazini na kofia yake ile ile ya bluu.

Nimekutumia video ya mechi ya Ohio kwenye simu. Waonyeshe vijana kipindi cha pili, na waambie wasiufuate mpira kwa macho. Namba tano wako mkalishe mbele, amtazame Keegan, jezi 77. Mpwa wangu anarudi Tanga mwezi wa tatu, na nimeshanunua viatu vya kuchezea, jozi tano, vyote ni vya mabeki na kipa. Niandikie saizi zao haraka, dukani wanakubali kubadilisha mpaka mwisho wa mwezi huu.

Wako,
Mgosi mwenzio