Jedwali la fedha za kigeni lisomwe sawasawa

Kwa Mhariri,

Jedwali la fedha za kigeni mnalolichapisha lina mistari ambayo wasomaji wengi wa Busia, Kisumu na Nakuru huisoma kinyume, na nyinyi hamjawahi kuwaonya. Kwenye dola, pauni na yuro, Benki Kuu huandika ni shilingi ngapi za Kenya zinazonunua sarafu moja ya kigeni. Kwenye shilingi za Uganda na Tanzania, na faranga za Rwanda na Burundi, hesabu hugeuzwa: shilingi moja yetu inapata ngapi za kule. Kwa hiyo dola ikitoka 130 hadi 135, shilingi ya Kenya imeshuka. Uganda ikitoka 24 hadi 28, shilingi ya Kenya imepanda. Namba zote mbili zimekuwa kubwa, lakini habari zake zinapingana. (Yeni ya Japani nayo huhesabiwa kwa mia, si kwa moja.)

Kosa hilo lina gharama: anayesoma mstari wa Uganda kinyume haoni kwamba bidhaa za kule zimekuwa rahisi kwetu. Mwanzoni mwa 2024 shilingi yetu ilikuwa sawa na takriban 24 za Uganda, na katikati ya mwaka ikafika karibu 28. Tuseme trei ya mayai inauzwa shilingi 8,400 za Uganda. Kwa 24, trei hiyo inamgharimu mchuuzi wa Kisumu shilingi 350. Kwa 28, ni shilingi 300. Kuku hawajaongezwa chakula wala kupunguziwa, na mfugaji wa Uganda amepokea pesa zilezile, lakini mfugaji wa Kakamega au Njoro anaambiwa ashushe bei kwa shilingi 50 au arudi na mayai yake. Na hata kiwango kikiganda palepale kwenye 28, bei za Kenya zikipanda haraka kuliko za Uganda, mayai ya kule bado yatazidi kuwa rahisi kwetu. Ndiyo maana wachumi hupima pia kiwango halisi, kinacholinganisha bei za bidhaa za nchi mbili, badala ya kutosheka na kile kilichoandikwa ubaoni.

Asilimia nazo zinahitaji uangalifu. Mwezi wa Januari 2024 dola ilifika takriban 160, na ndani ya miezi michache, baada ya serikali kukopa upya ili inunue sehemu ya hati fungani (hati ya mkopo ambayo serikali huwauzia wawekezaji) ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva, yaani kufika siku ya kulipwa, Juni, ikashuka hadi karibu 130. Dola ilipoteza asilimia 18.75, yaani 30 kugawanya kwa 160. Shilingi haikupanda kwa asilimia hiyohiyo. Shilingi 1,000 zilizokuwa zikinunua dola 6.25 sasa zilinunua dola 7.69, ongezeko la asilimia 23. Mwandishi lazima aseme ni sarafu ipi anayoipima.

Jambo zito kuliko yote ni kwamba namba ya Benki Kuu ni wastani wa bei za soko la benki. Hakuna dirisha la benki linalokuuzia dola kwa wastani. Anayeuza dola hulipwa chini yake, anayenunua hulipa juu yake, na pengo hilo ndilo faida ya benki. Soko likiwa na dola za kutosha pengo huwa dogo na wastani unaaminika. Dola zikiadimika, wastani unabaki jina tu. Mwanzoni mwa 2023 kiwango rasmi kilikuwa karibu 125, ilhali waagizaji walikuwa wakilipa zaidi ya 130, na wengine wakiwekewa mpaka wa kiasi wanachoweza kununua kwa siku. Magazeti yaliendelea kuchapisha ile namba rasmi pekee, na msomaji hakuweza kuelewa kwa nini bei za dukani zilikimbia kuliko shilingi.

Kushuka kwa dola nako hakufiki dukani siku hiyohiyo. Chukulia mbolea ya dola 600 kwa tani: mfuko wa kilo 50 ni dola 30, sawa na shilingi 4,800 dola ikiwa 160, na shilingi 3,900 ikiwa 130. Lakini mwagizaji aliyelipa kwa 160 bado ana shehena hiyo ghalani Nakuru, na gharama ya lori kutoka Mombasa hulipwa kwa shilingi. Petroli ni vivyo hivyo. Bei hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, na ndani yake mna tozo za shilingi zisizotikiswa na dola, kama ile ya matengenezo ya barabara iliyofika shilingi 25 kwa lita mwaka 2024.

Upande wa pili wa mizani msiusahau. Chai ya Kericho na Nandi huuzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa. Kilo ya dola 2 iliyoleta shilingi 320 ikawa inaleta 260, ilhali mshahara wa mchumaji haukupungua. Kwa hiyo kichwa cha habari kinachoshangilia shilingi yenye nguvu si habari njema kwa kila nyumba ya Bonde la Ufa. Maua ya Naivasha hutegemea zaidi yuro, nayo ilitoka chini ya 140 mwanzoni mwa 2025 hadi karibu 150 katikati ya mwaka, wakati dola imetulia kwenye 129.

Ombi letu ni dogo. Chapisheni bei ya kununua na ya kuuza badala ya wastani peke yake, andikeni tarehe ya kiwango, na chini ya mistari ya Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi wekeni sentensi moja: namba ikipanda, shilingi ya Kenya imepanda.

Wasomaji wenu,
Milimani, Kisumu