Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi: nasi wa getini tuhesabiwe

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Kuna wanaosema vyama vya wafanyakazi vimepitwa na wakati. Hata mimi nilisema hivyo. Ni kibarua kiwandani hapa Dar es Salaam, mwaka wa 4 sasa. Kila Mei Mosi nawaona wenye ajira za kudumu na fulana zao mpya, nasi tuko getini tukingoja msimamizi anyooshe kidole: wewe, na wewe, basi.

Kisha mwenzangu akakatwa vidole viwili na mashine. Alipewa nauli ya bodaboda. Kesho yake nafasi yake ina mtu mwingine. Wiki hiyohiyo mwajiriwa wa kudumu akaungua mkono. Katibu wa tawi la chama alikwenda ofisini mara tatu mpaka fomu za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi zikajazwa, na yule bwana akalipwa. Mfuko huo ni wetu sote. Mwenzangu alikosa tu wa kumbishia hodi ofisini. Tangu siku hiyo sijasema tena kwamba vyama havina kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 9, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Lakini kifungu cha 35 kinasema asiyetimiza miezi 6 kwa mwajiri wake halindwi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Hesabu hiyo waajiri wanaijua. Tukifikisha miezi 5 kazini tunaambiwa tukapumzike, halafu tunaitwa upya kama wageni. Nani achukue kadi ya chama, na kesho anaweza kurukwa getini bila neno?

Viongozi wa vyama nao hutuambia vibarua hatuandikiki. Lakini mgomo wa bandari ya Dar es Salaam wa Septemba 1947, uliosambaa kwa njia ya reli hadi bara, uliwashwa na makuli, wengi wao vibarua wa kutwa. Baadaye wakaunda chama chao.

Kifungu hichohicho cha 35 kinataka mikataba yote kwa mwajiri mmoja ijumlishwe. Tunaomba maafisa kazi wadai daftari la vibarua na kujumlisha siku zetu. Wasije saa 4 asubuhi kunywa chai ofisini. Waje saa 12 alfajiri, na viongozi wa vyama waje nao na fomu zao. Tutakuwa tumeshapanga foleni.

Kibarua wa kiwandani, Dar es Salaam