Mtandao haukukata, seva ilizimwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku kuhusu maneno mawili ambayo madirishani yamekuwa dawa ya kila ugonjwa: "mtandao umekata".

Mwezi uliopita nilikwenda katika ofisi moja hapa Tanga kuhakiki taarifa zangu za pensheni. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Kijana wa dirishani, mwenye adabu zake, akaniamkia, kisha akaniambia, "Leo hatuna huduma mzee, mtandao umekata. Jaribu kesho." Nikaitikia marahaba, nikakaa kwenye benchi. Meza ya pili binti alikuwa anatuma karatasi kwenye printa iliyo chumba kingine na zinatoka, na mwenzake alikuwa anaangalia video kwenye kompyuta yake. Sasa ni mtandao gani huo uliokata?

Nisamehewe ubishi, nimezeekea humo. Mwaka 1973 niliajiriwa Dar es Salaam kutoboa kadi, yaani vipande vya karatasi ngumu ambavyo kompyuta ilisoma taarifa kwa matundu yake, katika shirika moja la umma lililokuwa na kompyuta kubwa ya ICL, kampuni ya Uingereza. Leo wanaiita meinfremu. Sisi tuliiita "mashine" tu, maana ilikuwa moja. Kadi ilikuwa na safu 80, na ukikosea safu moja ya mshahara wa mtu, kadi hiyo ni ya kutupa, unaanza upya. Chumba chake kilikuwa na baridi hadi opereta wa zamu ya usiku akivaa sweta, Dar es Salaam ile ile ya jasho! Mwaka uliofuata serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, basi mashine yetu tukawa tunaitunza kama yai.

Vijana hudhani meinfremu zimeshakwenda makumbusho. Mabenki makubwa na mashirika ya ndege duniani bado yanazo, na programu zilizoandikwa kwa ajili ya meinfremu ya IBM System/360 ya mwaka 1964 zinaweza kuendeshwa hadi leo katika mashine mpya za kampuni hiyo. Sifa yake si kupiga hesabu haraka tu. Ni kupokea miamala kutoka pande elfu kwa wakati mmoja bila kuchanganya ya huyu na ya yule, na kubadilishwa kipuri huku kazi inaendelea.

Seva ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu seva ni kazi, si umbo. Kompyuta yoyote inayokaa ikisubiri wenzake waiombe faili au taarifa, hiyo ni seva, hata iwe ndogo kama boksi la viatu. Tim Berners-Lee alipoanzisha wavuti pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, seva yake ya kwanza ilikuwa kompyuta ya mezani ya NeXT, yaani kituo kazi. Akaibandika karatasi yenye maandishi mekundu ya mkono: mashine hii ni seva, usiizime.

(Kituo kazi, kwa asiyekijua, ni kompyuta ya mtu mmoja mwenye kazi nzito. Mpwa wangu mpima ardhi anacho, anachorea ramani. Nimeona na ofisi zinavinunua kwa ajili ya kuchapa barua. Fedha za nani hizo?)

Turudi Tanga. Asubuhi nzima walikuwa wanaipigia simu kampuni ya intaneti, na kampuni inawajibu kwamba laini ni nzima. Saa sita akaja fundi. Kumbe Ijumaa kulitoka waraka wa kubana umeme: kila kompyuta izimwe kabla ya watu kuondoka. Wakazima zote, pamoja na ile ya chini ya meza ya pembeni, isiyo na kioo wala kiti. Jumatatu kila mtu akawasha yake. Ile haikuwa ya mtu, na taarifa zetu wastaafu zilikuwa mle. Fundi alibonyeza kitufe, akasubiri kidogo, akaomba maji ya kunywa.

Kompyuta zao za mezani hazikuwa na kosa. Zimeunganishwa kwa waya na swichi (si ya taa, ni kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi), kila moja ina akili yake, si kama zile taminali za zamani, kioo na kibodi tu, ambazo mashine ikilala zinabaki mapambo. Ila kazi yote ya ofisi ile imehamishiwa kwenye seva, kwa hiyo siku ile nazo zilikuwa mapambo, ukiacha video.

Ninachoomba ni mtu wa dirishani aambiwe kilichozimika ni kipi, ili ajue wa kumpigia simu. Mimi niliomba karatasi na kalamu nyekundu, nikaandika: HII NI SEVA. USIIZIME. Kijana alicheka, lakini gundi alileta. Nikirudi kuhakiki mwakani nitachungulia chini ya ile meza kama karatasi bado ipo.

Mstaafu,
Ngamiani, Tanga.