Barabara Kwanza, Msumeno Baadaye: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Wanachama wenzangu, wazee wetu, akina mama na vijana,

Hesabu za chama chetu cha msitu atazisoma mhazini baada yangu, na mikutano ya mwaka mliihudhuria wenyewe. Mimi nimeamua kuutumia muda wangu kwa jambo moja lililotunyima usingizi tangu masika ya 2024, nalo ni barabara tunazozipasua msituni ili kutoa magogo.

Mnaikumbuka ile njia ya mteremkoni. Mkandarasi tuliyempa kazi alitaka kumaliza kabla ya mvua, akapandisha trekta wima kutoka kijitoni mpaka juu kabisa. Kamati yetu ilifika siku ya tatu na kukuta magogo yamekwisha kupakiwa. Tulifurahi, niseme ukweli, kwa sababu mbao zilikuwa zimeadimika na kila mmoja wetu alikuwa na deni mahali fulani. Hakuna aliyeuliza kuhusu njia. Mimi sikuuliza.

Kisha mvua ikaanza. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, na sisi tulikuwa tumeyachimbia mkondo wenyewe. Matairi yalikuwa yamechonga mifereji miwili. Kufikia mwisho wa Aprili mifereji hiyo ilikuwa imeungana ikawa korongo ambalo ndama angetumbukia asionekane. Udongo wote ule uliingia kijitoni. Akina mama wanaoteka maji pale chini walikuwa wakiziacha ndoo zitulie usiku kucha, na asubuhi bado wanakuta tope la vidole viwili. Kijito kile huingia mto Molo, na mto Molo unaishia Ziwa Baringo, kwa hiyo uchafu wetu ulisafiri mbali kuliko mbao zetu.

Mwezi huo huo, usiku wa kuamkia tarehe 29, kaunti yetu ya Nakuru ilipata msiba wa mafuriko ya Kamuchiri kule Mai Mahiu. Watu zaidi ya 40 walikufa wakiwa wamelala. Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu tundu la kuyapitisha liliziba, kisha yakapasua. Nilipoisikia habari ile redioni nilichukua panga na kwenda kuitazama kalavati yetu. Niliikuta imejaa matawi ya misaipresi, matawi tuliyoyakata sisi. Tuliyatoa siku hiyo hiyo, vijana wanne pamoja nami, tukiwa tumelowa mpaka mifupani. Tangu siku ile sijaweza kuitazama kalavati kama bomba tu.

Watu wakisikia uvunaji wa miti huwaza msumeno. Lakini shamba la misaipresi lililopandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, yaani miche 1,600 kwa hekta, likapunguzwa miti vizuri na kuvunwa baada ya miaka 30 hivi, hupandwa tena. Majirani hulima viazi katikati ya miche chini ya mpango wa serikali uitwao PELIS, na baada ya miaka michache kivuli kinafunga. Kidonda cha msumeno hupona. Barabara mbaya haiponi, kwa kuwa kila mvua inarudi palepale kuchimba. Na udongo wetu wa Mau ni wa majivu ya volkano. Ukiwa umefunikwa na majani hunywa maji kama sifongo. Ukishavuliwa majani na kukandamizwa na matairi, maji hayaingii tena, yanateremka nao. Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, lilitoa mwongozo wa uvunaji mwaka 1996, na neno linalorudi humo ni kupanga kabla ya kukata. Si elimu mpya. Sisi tulichelewa kuisikia.

Najua kwa nini tulichelewa. Marufuku ya kukata miti ilianza Februari 2018, na mpaka Rais alipotangaza hapa Molo Julai 2023 kwamba imeondolewa, viwanda vingi vya mbao kuanzia Elburgon mpaka kwetu vilikuwa vimekaa kimya miaka mitano. Kesi zikafuata mahakamani na wasiwasi ukaendelea. Mtu aliyelala njaa muda mrefu haulizi sahani imeoshwa vipi. Naielewa hali hiyo, lakini siwezi kuikubali iwe kanuni ya chama.

Kwa hiyo mwaka huu tulibadilisha utaratibu. Hakuna mti ulioangushwa katika kazi inayosimamiwa na chama kabla barabara haijachorwa kwenye ramani, haijatembelewa kwa miguu na haijapigiwa vigingi.

Kutembea ndiko kulikotufunza zaidi. Zamani tulikuwa tukikagua eneo Januari, jua likiwaka, na kila mahali panaonekana pazuri. Safari hii kamati ya barabara iliingia msituni Aprili, mvua ikinyesha, ili kuona maji yanakotokea. Mzee mmoja wetu, aliyefanya kazi ya misitu tangu ujana wake, alituonyesha chemchemi mbili ambazo haziko kwenye ramani yoyote na ambazo Januari ni nyasi kavu. Mojawapo ilikuwa katikati kabisa ya mstari tuliokuwa tumeuchora mezani. Tuliufuta mstari. Ramani ya ofisini tunaihitaji, lakini gambuti zilituambia mengi kuliko karatasi.

Tulianza na mahali pasipoguswa, barabara ikaja baadaye. Kanuni za nchi zinataka ukingo wa mto uachwe kuanzia mita 6 mpaka 30 kila upande, kulingana na alama ya juu kabisa ambayo mafuriko yamewahi kufika. Kamati ilipendekeza tuchukue mita 30 kwenye vijito vyote, vikubwa kwa vidogo, nasi tukatia rangi nyekundu kwenye miti ya mpakani. Baadhi yenu mlilalamika, na mlikuwa na sababu: ndani ya ukanda ule imo misaipresi mirefu iliyonyooka ambayo ingetoa mbao safi. Mimi nilisimama na kamati, na leo ningesimama nayo tena. Kubishana na mto kwa mita tano ni kazi isiyo na faida. Vivyo hivyo mitarakwa, mipodo na mianzi tuliyoikuta imebaki ilivyo.

Barabara yenyewe tuliiweka mgongoni mwa kilima, panapokauka upesi, ili tawi moja lihudumie pande mbili za mteremko. Mwinuko tuliupima kwa ile fremu ya herufi A yenye kamba na jiwe ambayo wakulima wetu hutumia kupanga matuta. Hatukuruhusu barabara ipande zaidi ya mita 10 katika kila mita 100. Matokeo yake imezunguka, na madereva walinung'unika kwamba dizeli itaisha njiani. Ningewaomba wakumbuke ni malori mangapi tuliyavuta kwa trekta mwaka jana kwenye ile njia wima, na nani alilipa.

Kuhusu maji ya barabarani naomba mnivumilie, maana hapa ndipo kila kitu kinaposhindikana. Katikati ya barabara tumepainua kama mgongo wa samaki ili maji yaanguke pembeni. Pembeni kuna mitaro. Lakini mtaro mrefu usiotolewa maji hugeuka mto, kwa hiyo kila baada ya umbali mfupi, na mfupi zaidi penye mteremko mkali, tumekata mtaro mdogo wa kuyatawanya maji vichakani yakiwa bado machache na hayana nguvu. Kosa tulilokuwa tukilifanya miaka yote ni kuuacha mtaro uteremke mpaka kwenye kivuko na kumwaga kijitoni. Tukiona maji yamepata njia tulidhani tumefanya vizuri, kumbe tulikuwa tumeunganisha barabara nzima na kijito kwa bomba la wazi. Sasa mtaro wa mwisho unageuzwa kabla ya kivuko, unamwaga kwenye nyasi, na tope linabaki kwenye nyasi. Zamani tulikuwa na vivuko vinne. Tumebaki na kimoja, kilichokatiza kijito sambamba na upana wake, na chini tumepanga mawe.

Uangushaji nao umebadilika. Wakataji wanaulaza mti kuelekea njia ya kuburutia, ili gogo litoke bila kugeuzwageuzwa na kuichuna miti mingine. Njia za kuburutia ni chache na zimepigwa alama. Trekta halitoki humo, linavuta kwa winchi na waya. Matawi hatuyachomi wala hatuyatupi mtoni. Tunayatandika juu ya njia, tairi likanyage matawi badala ya udongo. Magogo membamba yatokanayo na kupunguza miti tumeyatoa kwa maksai, na sehemu zile ukipita leo huwezi kujua kazi ilifanyika.

Kanuni iliyozua ugomvi mkubwa ni ile ya kusimamisha kazi. Mfereji wa tairi ukifika nusu shubiri kina, kazi inasimama mpaka pakauke. Agosti, mvua yetu ya pili ilipokolea, tulisimama siku nyingi. Wapakiaji hulipwa kwa lori; lori lisipotoka hawali. Vijana walinijia nyumbani, na mmoja aliniuliza kama udongo una watoto wa kusomesha. Sikuwa na jibu zuri siku ile. Nimelifikiria tangu wakati huo, na naona hatukutenda haki: tuliulinda msitu kwa mfuko wa wapakiaji peke yao. Napendekeza siku za kusimama wapewe kazi ya mitaro na kalavati kwa malipo ya siku kutoka mfuko wa chama. Kazi hiyo lazima ifanywe, na hakuna wakati mzuri wa kuuona mtaro ulioziba kuliko mvua ikinyesha. Naomba mlipigie kura leo.

Yapo tuliyokosea. Kalavati moja tuliiweka juu mno upande wa kutokea; maji yakawa yanaanguka kutoka kimo cha goti na kuchimba shimo. Tumepanga mawe makubwa pale, lakini kiangazi kijacho itabidi ifukuliwe na kulazwa upya. Na lile korongo la 2024 bado lipo. Tumeweka vizuizi vya matawi na mawe kila baada ya hatua chache na kupanda nepia kingoni. Sehemu ya juu imeanza kujaa udongo na kuota majani. Sehemu ya chini bado inakula. Mwaka mmoja wa papara utatuchukua miaka mingi ya kazi ya mikono.

Kazi ikiisha, njia za kuburutia tunazifunga: matuta ya kukata maji kukingama njia, gogo nene mlangoni, mbegu za nyasi. Faida moja hatukuitarajia. Njia iliyofungwa haipitiki kwa pikipiki ya mchoma makaa wala kwa mkokoteni wa mwizi wa nguzo za mtarakwa.

Kwa wanachama wenye miti shambani mwao nina machache. Sheria ya misitu ya 2016 na masharti ya Huduma ya Misitu, KFS, katibu anayo nakala. Mpitieni kabla ya kuita lori. Na tafadhali, mikaratusi ya nguzo za stima ipandeni mbali na vijito. Hilo tumeshalisema kila mwaka, na kila mwaka namwona mtu na miche yake bondeni.

Mwezi uliopita nilipita pale wanapoteka maji. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mama mmoja alikuwa akijaza mtungi, nikamwomba aniruhusu nitazame ndani. Maji yalikuwa na rangi ya chai nyepesi. Si masafi, lakini chini ya mtungi niliona mchanga kidogo tu. Akaniambia, "Siku hizi yanatulia upesi." Sijapata sifa niliyoithamini zaidi ya hiyo tangu mnichague.

Sehemu ya kuvuna mwakani imeshaainishwa, na mstari wa barabara umechorwa mezani tu. Kamati itautembea mara mbili, Januari kwa vigingi na Aprili kwa mvua, na vigingi vya Januari vitang'olewa popote Aprili itakapotukosoa. Nawaomba wanaokaa upande wa chini wa kijito watoe watu wawili, angalau mmoja awe mama anayeteka maji pale, waingie kwenye kamati. Tutakutana langoni mwa msitu Jumamosi ya pili ya Januari, saa moja asubuhi. Fremu ya A itakuwapo. Kila mmoja aje na panga na vigingi vyake kumi.